Wazee wa Vita na Majirani Zao

Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, ina siku zake za kukumbuka vita. Tarehe 16 Mei hukumbukwa maasi ya Bor ya mwaka 1983, yaliyozaa jeshi la SPLA. Tarehe 9 Julai ni sikukuu ya uhuru wa mwaka 2011. Tarehe 30 Julai, siku kiongozi wa SPLA John Garang alipofariki katika ajali ya helikopta mwaka 2005, wanakumbukwa wote waliokufa vitani. Siku hizo zina jukwaa, gwaride na hotuba. Ni za taifa zima, na taifa linazihitaji.

Wazee waliopigana, hata hivyo, hawaishi jukwaani. Wanaishi mitaani: Hai Malakal, Malakia, Kator, Munuki na Atlabara. Huko ndiko wanakoamka na maumivu ya risasi ya zamani, ndiko wanakokopa sukari dukani, na ndiko watoto wanakowapita wakienda shule bila kujua kwamba mzee yule aliyeketi chini ya mwarobaini aliwahi kuongoza watu msituni. Nina neno moja la kusema juu yao: heshima ya mpiganaji mzee huanzia kwa jirani, na historia ya Juba yenyewe inaonyesha sababu. Serikali zilizopita katika mji huu ni nyingi, na kila moja ilikuja na mashujaa wake na kuwasahau wa mwenzake. Mtaa ndio uliobaki na watu wote.

Mji wa askari na familia zao

Kabla ya Juba kuwa mji, kingo hizi za Mto Nile zilikuwa nchi ya kambi. Mwaka 1871 Samuel Baker alipandisha bendera ya Misri Gondokoro, ng'ambo ya mto. Baada yake wakaja magavana wengine, wa mwisho akiwa Emin Pasha, na jeshi lao lilijazwa vijana waliotekwa au kuandikishwa kutoka makabila ya kusini. Ndani ya kambi hizo watu wa lugha mbalimbali walilazimika kuelewana, wakaoana, wakazaa, na Kiarabu chao cha kambini kikawa mzizi wa Kiarabu cha Juba kinachosemwa sokoni hadi leo.

Uasi wa Mahdi ulipolikata jimbo hilo la Ekwatoria na dunia, sehemu ya askari hao ilisogea kusini hadi karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwakuta huko akawaingiza Uganda, wao na wake zao na watoto wao. Kutoka kwao likapatikana kundi kubwa la askari wa mwanzo wa King's African Rifles, kwa kifupi KAR. Wajukuu zao ndio Wanubi wa Bombo nchini Uganda na wa Kibera, Nairobi. Kwa hiyo habari ya wazee wa vita wa Juba na habari ya Kibera zina chimbuko moja.

Waliobaki nyumbani walipitia utawala mwingine. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha watu wa kusini, Equatorial Corps, kuchukua nafasi ya askari wa kaskazini waliokuwa Mongalla. Mwishoni mwa miaka ya 1920 makao ya jimbo yalianza kuhamishwa kutoka Mongalla kuja Juba, na pamoja na ofisi wakahama askari wastaafu, mafundi, wachuuzi na familia zao. Malakia ya Juba ilikua kwa watu wa namna hiyo: askari aliyemaliza kazi, asiyekuwa tena na kijiji cha kurudi, akajenga nyumba karibu na mwenzake wa kikosi. Mitaa mingine, Hai Malakal ukiwamo, ilikua katika mji uliokwisha kuzoea hali hiyo. Mstaafu wa jeshi alikuwa jirani kabla ya kuwa shujaa wa kitabuni.

Vita ya wakubwa

Vita Kuu ya Pili ilipofika, Juba iligeuka njia panda. Askari wa Force Publique kutoka Kongo ya Wabelgiji walikuja kwa malori kupitia Aba hadi Juba, wakapanda meli za mtoni wakateremka Nile mpaka Malakal, kisha wakaelekea mashariki kupigana na Waitaliano nchini Ethiopia. Machi 1941 walikuwa Asosa na Gambela. Upande wa Gambela walipigana pia askari wa KAR na wa Equatorial Corps. Mwezi Julai, huko Saio, Jenerali Pietro Gazzera wa Italia alisalimu amri kwa Wakongo hao chini ya Jenerali Gilliaert.

Tuwaze mkusanyiko huo wa watu kwenye gati la Juba: Mkongo, Mtanganyika, Mbari, Mlatuka, kila mmoja amevishwa kaptula ya kaki na kupewa bunduki ya mfalme asiyemjua. Waliorudi salama walipewa malipo yaliyo chini kabisa ya yale ya Wazungu wa jeshi lilelile. Kisha wakaachwa wazeeke.

Baadhi walisubiri miaka mingi mno kabla ya kusikia ahsante. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji, akiwa Kinshasa, alimvisha nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyepelekwa hadi Burma katika vita hiyo. Miaka 77 ilikuwa imepita tangu vita kwisha. Huko Kibera, ardhi waliyokalishwa askari wa Sudan tangu mwanzoni mwa karne ya 20 haikuwa na hati yao kwa zaidi ya karne, mpaka mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta alipoikabidhi jamii ya Wanubi hati ya ekari 288. Hati hiyo ilipokewa na wajukuu na vitukuu. Waliopigana walikuwa makaburini.

Mambo haya mawili yanafundisha kitu kimoja kuhusu shukrani za dola: huja, lakini huja kwa mwendo wa mafaili. Mzee wa miaka 80 hana muda wa mafaili.

Waliotoka Torit

Tarehe 18 Agosti 1955 kombania moja ya Equatorial Corps huko Torit iliamriwa ipande magari iende Khartoum. Sudan ilikuwa imebakiza miezi michache kupata uhuru, na nafasi za utawala kusini zilikuwa zimekwisha kugawiwa watu wa kaskazini karibu zote. Mwezi uliotangulia, wafanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Nzara walikuwa wamepigwa risasi. Askari wa Torit waliamini wanapelekwa kaskazini wakanyang'anywe silaha na kumalizwa. Wakakataa, wakavunja ghala la silaha, na maasi yakaenea miji mingine ya kusini.

Tume ya uchunguzi ilihesabu waliokufa 336: watu wa kaskazini 261 na wa kusini 75. Wengi wa hao 261 walikuwa raia: wafanyabiashara, watumishi, wanawake na watoto. Ni lazima tuseme hivyo, kwa sababu heshima inayomficha raia aliyeuawa haiwezi kusimama. Waasi waliojisalimisha kwa ahadi za serikali walihukumiwa, na baadhi wakauawa. Wengine walitokomea porini na mipakani mwa Uganda na Kongo.

Kutoka kwa masalia hayo na wanafunzi waliokimbia shule ndipo mwaka 1963 likaundwa jeshi la Anyanya. Mwanzo wao ulikuwa wa dhiki: mikuki, pinde, mapanga na bunduki chache zilizofichwa tangu Torit. Msaada ulitoka mahali wasipotazamia. Mwaka 1964 na 1965 silaha zilizokuwa zikipelekwa kupitia Sudan kwa wapiganaji wa Simba wa mashariki ya Kongo ziliangukia mikononi mwa Anyanya, nyingine kwa kutekwa njiani, nyingine kwa kununuliwa kutoka kwa Wasimba walioshindwa na kuvuka mpaka.

Wakati wapiganaji wako msituni, Juba ililipa. Usiku wa tarehe 8 Julai 1965 askari wa serikali waliingia katika makazi ya watu wa kusini mjini, wakachoma nyumba na kuua raia kwa mamia. Hesabu zinazotajwa sana hupita 1,000. Kwa familia za zamani za Juba, vita haikuwa habari ya mbali. Mwenye mtoto Anyanya hakuthubutu kumtaja, na jirani aliyejua alifunga mdomo. Ukimya huo wa majirani uliokoa maisha ya watu.

Joseph Lagu, afisa aliyeliacha jeshi la Sudan mwaka 1963, aliwaunganisha wapiganaji mwishoni mwa miaka hiyo, makao yake yakiwa Owiny-Ki-Bul karibu na mpaka wa Uganda. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 ulimaliza vita ya kwanza, na wapiganaji wapatao 6,000 wakaingizwa jeshini. Waliosalia walirudi makwao, wengine wakapata kazi za umma, wengine hawakupata kitu. Kijana aliyeingia Anyanya mwaka 1963 akiwa na miaka 18 leo amefika 80 au ameipita. Hao ndio wazee wa vita walio wakongwe kuliko wote, na idadi yao inapungua kila msimu wa mvua.

Waliotoka Bor, na waliobaki Juba

Amani ilidumu miaka 11. Rais Jaafar Nimeiry aliigawa kusini vipande vitatu, mafuta yaliyogunduliwa Bentiu yakazusha ugomvi, na Septemba 1983 akatangaza sheria za Kiislamu nchi nzima. Lakini hata kabla ya Septemba, tarehe 16 Mei, batalioni ya 105 huko Bor, iliyojaa wanajeshi waliotoka Anyanya, ilikuwa imekwisha kukataa amri ya kuhamishwa kaskazini, kama Torit miaka 28 nyuma. Kerubino Kuanyin Bol aliongoza mapigano. John Garang, kanali aliyetumwa na jeshi, aliungana na waasi na kuelekea Ethiopia. SPLA ikazaliwa.

Vita hiyo iliendelea zaidi ya miaka 20 na inakadiriwa kugharimu maisha ya watu milioni mbili, wengi wao kwa njaa na maradhi. Waliopigana humo hawakuwa wanaume peke yao. Katikati ya miaka ya 1980 liliundwa kundi la wasichana, Katiba Banat, lililofundishwa Ethiopia. Nje yake kulikuwa na maelfu ya wanawake waliobeba risasi vichwani, waliopika, waliouguza majeruhi na kuwazika. Wengi wao hawakuwahi kuandikwa katika daftari lolote la jeshi. Leo ni nyanya za watu, wanauza chai au mboga, na hakuna awatambuaye kama wapiganaji.

Juba yenyewe ilibaki mikononi mwa serikali muda wote huo. Mji ulizingirwa, barabara zikatiwa mabomu, chakula kikaja kwa ndege. Juni na Julai 1992 SPLA walishambulia mara mbili, wakaingia hadi ndani ya mji, wakarudishwa. Kilichofuata ni kukamatwa kwa askari, polisi na watumishi wa kusini waliotuhumiwa kuwasaidia. Wengi walipelekwa katika jengo la jeshi lililoitwa Nyumba Nyeupe na hawakuonekana tena.

Hapa ndipo historia inapokuwa ngumu. Mwaka 1991 SPLA ilipasuka na watu wa kusini wakauana wao kwa wao. Kulikuwa na wana wa kusini ndani ya jeshi la Khartoum, wengine kwa hiari, wengine kwa sababu mshahara ndio uliolisha watoto. Kulikuwa na vikosi vya Paulino Matip, vilivyopigana na SPLA hadi Azimio la Juba la Januari 2006 lilipoviingiza katika jeshi moja. Baadaye, Desemba 2013, na tena Julai 2016, bunduki zilielekezwa kwa ndugu ndani ya Juba hiihii. Katika mtaa mmoja unaweza kumkuta mzee wa Anyanya, jirani yake aliyekuwa SPLA, na nyumba ya tatu aliyekuwa sajini wa jeshi la Sudan wakati mji ulipozingirwa. Kila mmoja ana kovu, na wengine walipeana makovu hayo.

Baada ya ushindi

Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Miaka sita baadaye watu wa kusini walipiga kura, na 98.83 kwa mia wakachagua kujitenga. Tarehe 9 Julai 2011 bendera ilipanda. Wazee walilia siku hiyo, na walikuwa na haki ya kulia.

Baada ya sherehe ikaja hesabu. Serikali ilikuwa imekwisha kuunda tume ya walemavu wa vita, wajane na yatima, na nyingine ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia. Lakini bajeti ilimezwa na jeshi lililokuwa kubwa mno, kisha na vita mpya, kisha na kuporomoka kwa fedha. Mishahara ya askari walio kazini imewahi kukaa miezi mingi bila kulipwa. Mstaafu yuko nyuma yao katika foleni. Mzee mwenye bahati ana cheti kilichokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, amekipeleka ofisini na kurudi nacho. Asiye na bahati alipigana katika kikosi ambacho kamanda wake alikufa na daftari lake likaungua, na hana wa kumshuhudia.

Hai Malakal inaijua hali hii kwa ukaribu wa pekee, kwa kuwa makaburi ya zamani ya mji yako hapo. Vita vya miaka ya karibuni vilipowafukuza watu makwao, baadhi ya familia zilipiga vibanda vya turubai katikati ya makaburi hayo, wakapika na kulea watoto humo. Mtaa uliowapokea wafu wa Juba ukawapokea na waliokimbia. Kama kuna mahali ambapo watu wanaweza kuelewa kwamba aliye hai anadai zaidi kuliko aliyekufa, ni hapo.

Mtaa kuwaenzi wazee wake

Nchini Tanzania, kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka silaha za jadi, zikiwamo mkuki, ngao na sime, pamoja na shada la maua kwenye mnara. Silaha mojawapo huwekwa na mzee anayewakilisha wapiganaji wa zamani. Utaratibu huo una hekima: mzee hakai pembeni kutazama, ana sehemu yake ambayo bila yeye shughuli haikamiliki. Hilo ndilo la kuchukua na kuleta mtaani.

Vifaa tayari viko Hai Malakal, maana ndivyo vinavyotumika kwenye misiba na arusi: turubai, viti vya plastiki, sufuria kubwa, na akina mama wa chai wenye majiko yao ya mkaa, tangawizi na glasi ndogo. Jumapili baada ya ibada inatosha. Vijana wa bodaboda, ambao pikipiki zao zinafika kila kona, ndio wa kuwaleta wazee wasioweza kutembea. Wazee waketi mbele, wanawake waliopigana wakae safu ileile na wanaume, na wajane wa waliokufa wapewe viti kabla ya kiongozi yeyote. Wakitajwa, vigelegele vipigwe kwa kila jina, jina moja moja, pamoja na mahali alipopigana.

Kutaja jina na mahali ndiko kiini cha shughuli. Mzee akisikia jirani yake anasema mbele za watu kwamba fulani alikuwa Owiny-Ki-Bul mwaka 1970, au kwamba fulani alitembea kutoka Ethiopia mwaka 1991 baada ya utawala wa Mengistu huko kuanguka, anapata kile ambacho ofisi imeshindwa kumpa: ushahidi. Watoto waliokuwa wakimpita kila asubuhi wanajua sasa ni nani. Kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri akae na daftari, aandike jina, kikosi, kamanda, mwaka na jeraha. Siku tume itakapouliza, mtaa utakuwa na jibu.

Je, na yule aliyekuwa upande mwingine? Aalikwe. Mtaa hauna mamlaka ya kuamua nani alikuwa sahihi mwaka 1991, na hauyahitaji. Wanaoketi pale ni watu waliopelekwa vitani wakiwa vijana, wengine wakiwa watoto, na wakarudi kuchota maji kisima kimoja. Kinachohitajika ni kwamba raia waliouawa, wa kaskazini na wa kusini, wa 1955, wa 1965, wa 1992 na wa 2013, watajwe pia kabla chai haijamiminwa. Mzee aliyepigana kwa heshima hatachukia, kwani yeye ndiye anayejua vizuri zaidi wanaokufa vitani ni akina nani.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya serikali. Ni kweli: pensheni, dawa na miguu ya bandia ni deni la serikali, na mtaa usiache kulidai. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Homa ya mzee saa nane za usiku inamkuta jirani. Pengo la sukari nyumbani mwake linaonwa na jirani. Anapokufa, anayechimba kaburi ni jirani. Basi na kushukuriwa kwake akiwa hai kuwe mkononi mwa jirani huyohuyo.

Wazee wa Anyanya waliosalia ni wachache, na wa SPLA wa mwaka 1983 wamevuka miaka 60. Mtaa unaosubiri tangazo kutoka wizarani utakuja kukusanyika msibani. Hai Malakal na ianze na mzee wake mkongwe kuliko wote, wiki hii, kwa kilo mbili za sukari na swali moja: ulipigana wapi, na nani alikuwa pembeni yako?